Ndani ya Geti Bado Ilikuwa Jumatatu

Chakula cha Ndunge nilikifunika kwa sahani, nikakifunua kukitazama, nikakifunika tena, kana kwamba kukitazama kungemleta nyumbani. Ilikuwa usiku wa Jumatatu, na filimbi ya kiwanda haikuwa imelia.

Sisi tunaoishi huku chini ya vilima vya Lukenya hatuhitaji saa ya ukutani. Jioni filimbi ya kiwanda cha nguo hulia, mlio mmoja mrefu na miwili mifupi, nami nikiisikia huinjika maji ya chai. Yakianza kuchemka, binti yangu yuko mlangoni anagonga vumbi kwenye viatu. Jioni ile niliyainjika kwa mazoea tu. Yakachemka, yakakauka, sufuria ikaanza kunuka.

Mezani, karibu na taa, kilikuwa kile kipampu chake kidogo cha buluu, dawa ya pumu ya kuvuta kwa mdomo. Kiwandani walikuwa wamekataza mtu kuingia na kitu chochote mfukoni, eti vijana wanaficha vifungo na nyuzi. Kwa hivyo Ndunge alikuwa akivuta dawa asubuhi kabla ya kutoka, na tena jioni akirudi. Katikati ya hapo alikuwa anamwachia Mungu, na mimi nilikuwa namkumbusha Mungu.

Miaka yote nilikuwa nimelala kwa sikio moja, nikisikiliza kifua chake ng'ambo ya pazia. Usiku ule hakukuwa na cha kusikiliza. Sikuvua viatu. Kulipoanza kupambazuka nilifunga kile kipampu kwenye pindo la leso, nikatoka.

Ndunge ni binti yangu wa pili, alizaliwa Mitaboni. Kwetu mtoto aliyebeba jina la mama yako ni mama yako, naye alipewa jina la mama yangu mzazi. Kwa hivyo tangu akiwa mchanga namwita mwaitu, yaani mama, na hata nikimgombeza namgombeza kwa adabu. Ndugu yake Mbithi, kifungua mimba wangu, alikuwa akilalamika: “Mimi nikikosa napigwa, huyu akikosa anaombwa.” Tukahamia Lukenya kwa sababu ya kazi ya baba yao kwenye machimbo ya mawe. Machimbo hayo hayo yakamuua baba yao, Ndunge akiwa darasa la sita. Nikachukua nyundo ya marehemu nikaendelea kuvunja kokoto.

Pumu alikuwa nayo tangu utotoni. Ikimshika, hukaa chini, akashika magoti, akainamisha kichwa kama anayetafuta kitu sakafuni. Alifika kidato cha pili, vumbi la huku na la chaki yakamshinda, nikamrudisha Mitaboni kwa shangazi yake Wanza, fundi wa nguo sokoni. Wanza hushonea barazani, hewa inapita mbele na nyuma. Pale mtoto alinenepa. Alijifunza kola, akajifunza mifuko, akajifunza kuwapangia wateja uongo mdogo wa mafundi: “Njoo kesho, imebaki vifungo tu.” Alitaka kitu kimoja duniani, cherehani yake mwenyewe kwenye baraza kama ile.

Halafu akasikia kiwanda kimefunguliwa karibu na kwetu. Akarudi mbio.

“Mama, nguo zetu zitapanda ndege. Mzungu atavaa kola yangu.”

“Na wewe utavaa nini?”

“Jasho,” akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Kila asubuhi vijana hujipanga nje ya geti. Msimamizi, kijana anayeitwa Lenny, mwenye tai na viatu vilivyochongoka, hupita mbele yao akiwanyooshea kidole. Aliyenyooshewa hufungwa kitambaa cha manjano mkononi, huingia, na mlango wa chuma hufungwa nyuma yao kwa kufuli. Jioni filimbi ikilia wanafunguliwa, wanarudisha vitambaa, na mtu akirudisha kitambaa anakuwa hajawahi kufanya kazi pale. Kesho yake Lenny huwaambia maneno yale yale: “Karibuni. Leo ni siku yenu ya kwanza.”

Hiyo siku ya kwanza ilikuwa na maana kwa wenye kiwanda. Aliyefanya kazi mfululizo sheria inamtambua, lakini mtu wa siku ya kwanza hana likizo, haugui, hafiwi na hana chama cha kumtetea. Ndunge alikuwa ameanza kazi kila siku kwa zaidi ya mwaka mzima. Asubuhi akiondoka alikuwa ananiaga, “Mama, niombee, leo naanza kazi.” Tulikuwa tunacheka. Lakini mzaha ukirudiwa kila asubuhi huchakaa, na siku hizi za mwisho alikuwa anausema bila kunitazama.

Asubuhi ile ya Jumanne hakukuwa na foleni nje ya geti. Palikuwa na Urbanus peke yake, mlinzi, mtu wa kanisa letu ambaye Jumapili hupitisha kikapu cha sadaka.

“Mama Mbithi, mbona mapema hivi?”

“Nataka mwaitu atoke.”

Lenny alikuwa anatoka upande wa ofisi na kikombe cha chai mkononi. Akasikia. “Anataka nani?”

“Anataka mama yake,” Urbanus akasema.

“Mathe, hapa hatuandiki wazee. Mama yako atashona na miwani gani?”

“Ni binti yake, bosi. Kwetu tunaitana hivyo.”

“Ndunge,” nikasema. “Aliingia jana na hajatoka.”

“Jana gani?”

“Jumatatu.”

“Sasa hiyo si ndiyo leo,” Lenny akasema, akanywa chai. “Iko na oda ya meli, haijaisha. Oda haijaisha, filimbi hailii. Filimbi haijalia, siku haijaisha. Ndani bado ni Jumatatu, mathe.”

Nikatazama jua lililokuwa linachomoza nyuma ya kichwa chake. “Na hilo jua ni la nani?”

“Hilo ni la huko nje.”

Nilitaka kumtukana. Badala yake nikafungua pindo la leso, nikapitisha mkono kati ya vyuma vya geti. “Basi mpelekee hii. Ana pumu. Hii ndiyo dawa yake.”

“Vitu vinakaguliwa asubuhi kabla ya kazi.”

“Sasa ni asubuhi.”

“Asubuhi ya Jumatatu ilishapita.” Akamwaga masalio ya chai chini, karibu na miguu yangu, akarudi ofisini. Mimi sijasoma sana, niliishia darasa la nne. Lakini sijaona shule inayoweza kumfundisha mtu kusema neno kama lile huku amesimama kwenye mwanga wa jua.

Urbanus hakuniangalia. Alikuwa anachezea ufunguo uliokuwa umefungwa kiunoni mwake.

“Mama Mbithi, mimi nimepewa huu ufunguo na neno moja tu. Nikisikia filimbi, nafungua geti, nafungua mlango. Nisiposikia, sifungui. Hata mimi sijalala tangu jana.”

“Na moto ukiwaka huko ndani?”

“Watapiga filimbi.”

“Na mwenye filimbi akiwa ndiye wa kwanza kukimbia?”

Urbanus aligeuka, akatazama ule mlango wa chuma.

Nikazunguka nyuma, ambako ukuta wa kiwanda unapakana na njia ya ng'ombe. Madirisha yalikuwa yamepakwa rangi nyeupe ili vijana wasiangalie nje. Juu kabisa kuna matundu ya hewa ya choo, yamezibwa kwa wavu wenye macho madogo kuliko ule wa banda la kuku. Nikaita, si kwa nguvu. Nikaita tena. Kitambo kidogo nikasikia ndoo ikiburutwa, na sauti ikatoka juu.

“Mama Mbithi? Ni wewe?”

Alikuwa Linet, mtoto wa jirani, waliyeingia naye pamoja.

“Ndunge yuko wapi?”

“Chini ya meza ya kukatia. Kifua kimemshika. Amekaa tu ameshika magoti, vile yeye hukaaga.”

“Anaongea?”

“Neno moja, halafu anapumzika. Haka kavumbi ka pamba ni kengi, mama, na mashine hazijazimwa hata kidogo.”

“Lenny ameona?”

“Anasema ni maigizo. Ati mtu wa siku ya kwanza amechokea wapi?” Akasogeza uso karibu na wavu. “Mama Mbithi, huko nje ni lini?”

“Ni Jumanne.”

“Kweli?” Na nikamsikia analia, si kwa kelele, vile mtu hulia akiambiwa kitu alichokuwa anakihofia.

Nikarusha kile kipampu juu. Kikagonga wavu, kikarudi chini kwenye mavi ya ng'ombe. Nikakifuta, nikarusha tena. Wavu ulikuwa umepigiliwa kwa misumari pande zote. Halafu ndani mtu akaanza kugonga mlango wa choo kwa ngumi, ndoo ikaanguka, Linet akawa hayupo.

Nilikwenda mbio kwa ofisi ya serikali iliyo karibu. Yule bwana niliyemkuta alinisikiliza akiwa anachonga penseli.

“Mama, mlikuwa mnalia hakuna kazi. Kazi imeletwa. Sasa unataka nini?”

“Nataka mlango ufunguliwe.”

“Binti yako ni mtu mzima, mwaka jana alipiga kura. Akitaka kutoka si aseme?”

“Ana pumu na amefungiwa kwa kufuli.”

“Mwekezaji akisikia kelele za namna hii atahama. Akihama, mtakula mawe?”

“Mawe tumeyala kabla hujaletwa hapa,” nikasema, nikamwonyesha viganja vyangu. Akaangalia penseli yake. Nilimwachia ofisi. Serikali ilikuwa mpya mwaka ule, na watu walikuwa bado wanaimba barabarani kwamba mambo yamebadilika. Kwenye kiti kile hakuna kilichokuwa kimebadilika isipokuwa kalenda ya ukutani.

Jumanne ni siku yetu ya mwethya. Mwethya ni kikundi chetu cha akina mama. Tunalimiana mashamba kwa zamu, tunachimba matuta, na mwaka ule tulikuwa tunachimba silanga la kuwekea maji ya mvua, si mbali na kiwanda. Kiongozi wetu ni Kavata, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, aliyevaa filimbi shingoni kwa kamba ya kiatu. Kwenye mwethya hakuna anayeinua jembe kabla ya ile filimbi, na ikilia mara ya pili hakuna anayeendelea, hata kama udongo uko hewani.

“Mama Mbithi, umefika wakati wenzako wana jasho,” Kavata akaniambia kutoka shimoni. “Adhabu yako ni kubebea wengine maji.”

Nikakaa kwenye lundo la udongo. Majembe yakasimama moja moja bila filimbi yoyote, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Nikawaeleza yote, kile kipampu, wavu, Jumatatu isiyokwisha. Mama yake Linet alikuwa pale pale shimoni. Usiku wote alikuwa amejiambia kwamba mtoto amelala kwangu.

“Ati wamezuia siku isiishe?” mmoja akauliza.

“Kwani siku ni mbuzi, ifungwe kwa kamba?”

“Twende tuvunje hilo geti,” mama yake Linet akasema, akiwa ameshatoka shimoni.

“Tukivunja tutaitwa wezi,” Kavata akasema. “Polisi hawana haraka kwa mtoto anayekosa pumzi, lakini kwa geti watakuja mbio.”

Mimi nilikuwa nimeacha kusikiliza. Macho yangu yalikuwa kifuani mwa Kavata, kwenye kile kitu cha chuma kilichokuwa kinapanda na kushuka na pumzi yake. Nikakumbuka neno moja alilopewa Urbanus.

“Kavata, nipe hiyo filimbi.”

“Ya nini?”

“Kuna siku inatakiwa kumalizwa.”

Alinitazama, halafu uso wake wote ukafunguka. Akaivua.

Tuliteremka njia ya ng'ombe, majembe begani, bila wimbo. Urbanus alipotuona alisimama wima.

“Mama Mbithi, nakuomba, msilete vita.”

“Hatujaleta vita. Tumekuja kuchukua watoto wetu kazi ikiisha.”

“Haijaisha.”

“Inaisha sasa hivi.”

Nikaweka filimbi mdomoni. Ikatoa upepo na mate. Mimi ni mtu wa nyundo, sijawahi kuamrisha mtu kwa filimbi.

“Puliza kama mtu aliyekula!” Kavata akanigombeza.

Nikafunga macho. Nikafikiria jioni zote nilizoisikia nikiwa nimeinama juu ya moto, nikapuliza vile vile, mlio mmoja mrefu mpaka kifua changu kikauma, kisha miwili mifupi.

Kwa kitambo mashine ziliendelea kunguruma. Halafu moja ikazima. Halafu nyingine, na nyingine, kama mvua inayokatika juu ya mabati, mpaka kukawa na kimya ambacho sijakisikia pale mchana tangu kiwanda kijengwe. Ndani viti vikaburutwa. Miguu mingi ikaja mlangoni, vijana wakasimama pale wakisubiri kufunguliwa, kama walivyozoezwa.

Mlango wa ofisi ukafunguliwa kwa kishindo, Lenny akatoka mbio, tai begani.

“Nani amepiga? Nani amemaliza siku?”

“Mimi,” nikasema.

“Wewe kama nani? Hiyo siyo filimbi ya kampuni! Urbanus, usiguse hiyo kufuli!”

Urbanus alikuwa ameshashika ufunguo. Alinitazama, akatazama akina mama nyuma yangu, mama yake Linet aking'ang'ania vyuma vya geti kwa mikono yote miwili. Kutoka nyuma ya ule mlango mtu alikohoa, kikohozi kifupi kikavu, halafu akavuta pumzi iliyolia kama karatasi inayopasuliwa. Nilikitambua kifua kile. Nadhani hata Urbanus alikitambua, kwa sababu Ndunge hukohoa vile kanisani, safu ya tatu.

“Bosi,” Urbanus akasema, “uliniambia nikisikia filimbi nifungue. Nimesikia filimbi.”

“Ya mwanamke wa kuchimba mitaro!”

“Hukuniambia ya nani.”

“Nitakufuta kazi leo hii!”

“Utanifuta vipi?” Urbanus akauliza kwa upole, akifungua geti. “Hata mimi leo ni siku yangu ya kwanza.”

Kavata aliangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshampita Lenny, nimefika mlangoni, nimeweka kiganja kwenye chuma. Kilikuwa cha moto kama sufuria. Urbanus akaja, akatafuta tundu la kufuli, akalikosa, akalipata. Mlango ule haufunguki kwa bawaba, husukumwa kando juu ya reli. Tukausukuma pamoja, yeye na mimi, ukalalamika, ukaenda.

Hewa iliyotoka ilikuwa nzito, ya pamba na mafuta ya mashine na miili ya watu. Vijana walisimama wamejikinga macho, nyusi zao nyeupe kwa vumbi kama wazee, vitambaa vya manjano mikononi. Hakuna aliyetoka. Walikuwa wanasubiri kuambiwa. “Tokeni!” mama yake Linet akapiga kelele, “tokeni, nyinyi, ni Jumanne!” na hapo wakaanza kumiminika wakipishana nasi.

Ndunge alikuwa ameburutwa na Linet mpaka karibu na mlango, ameketi sakafuni, ameshika magoti, midomo yake rangi ya majivu. Nikapiga magoti nikamwekea kipampu mdomoni. Akavuta. Hakikuingia kitu. “Tena, mwaitu. Polepole. Tena.” Akavuta tena, mabega yakapanda, nikasikia hewa ikipenya, nyembamba kama uzi, kisha nene kidogo. Nilihesabu pumzi zake mpaka nikaacha kuhesabu. Rangi ilianza kurudi, kwanza kwenye masikio.

Linet alikuwa anafungua fundo la kitambaa mkononi mwa mwenzake.

“Hicho kinarudishwa!” Lenny alikuwa amesimama juu yetu. “Na nyinyi wote mkitoka msirudi kesho. Urbanus, funga huo mlango. Funga, nimesema!”

Ndunge aliinua uso, akatafuta neno, akapumzika, akalipata. “Kesho,” akasema. “Kumbe iko.”

Lenny aliushika mlango mwenyewe, akausukuma kwa bega, viatu vyake vikiteleza kwenye saruji. Ulisogea kiasi cha kiganja, ukakwama. Akasukuma tena. Akainama kuangalia. Kavata alikuwa amelaza jembe lake kwenye reli, na amesimama juu ya mpini kwa miguu yake yote miwili.